Majina Hamsini na Mawili Niliyoyakata Minnesota

Niliondoka Voi kwa sababu ya muuza vitunguu. Katika mkutano mkuu wa chama chetu cha wafanyabiashara wa soko, Mama Mkamburi alisimama, akakaza leso kiunoni, akasema kuanzia sasa mwenyekiti akae mihula miwili tu, kisha ampishe mwenzake. Mwenyekiti ni mimi. Nilikuwa nimekalia kiti miaka kumi na minne. Watu wakapiga makofi, na kati ya waliopiga makofi niliwaona wawili ambao harusi zao nilizisimamia mimi.

Mnanijua. Asiyenijua aulize. Shule niliacha darasa la sita. Nilianza kwa kuokota misumari iliyopinda kwenye majengo ya watu, nikiinyoosha kwa nyundo juu ya jiwe na kuiuza upya. Leo nina maduka matatu ya vifaa vya ujenzi, malori mawili, na hakuna tangi la maji linalopanda juu ya nyumba kutoka Voi mpaka Mwatate bila mimi kujua. Paa la soko, nani alilileta? Choo cha soko, nani alikifuatilia ofisi kwa ofisi mpaka kikajengwa? Ndiyo maana yale makofi yalinichoma kama mwiba wa mkonge. Nikaahirisha mkutano kwa miezi miwili. Nikawaambia naenda Marekani kujifunza uongozi, na nikirudi nitatoa jibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa naenda kumtembelea dada yangu Wakesho, na jibu nilikuwa nalo tayari: kwenye kiti sitoki.

Nilipanda treni hadi Nairobi, kisha ndege mbili. Sitawachosha na habari za ndege. Niseme tu kwamba ile ya pili ilipoanza kushuka, nilichungulia dirishani nikaona ziwa. Nikaona la pili. Nikaanza kuhesabu, nikafika thelathini na kitu, nikaacha. Maji yamelala kila mahali kama sahani zilizosahauliwa mezani. Mimi muuza matangi nilishika kichwa. Huku ningekufa njaa.

Uwanjani ofisa wa uhamiaji akaniuliza kazi yangu.

"Mwenyekiti," nikamwambia.

"Mwenyekiti wa nini?"

"Wa soko."

Akanitazama, akatazama pasipoti, akaandika kitu kirefu sana kwenye kompyuta yake. Sijui aliandika nini, lakini alinipigia muhuri.

Wakesho ni muuguzi. Yeye na mumewe, Mwadime, wanaishi katika mji mdogo kaskazini mwa Saint Paul, si mbali na Roseville kwenye lile duka kubwa lenye maduka ndani ya maduka. Ilikuwa mwezi wa sita. Saa mbili na nusu jioni jua lilikuwa bado linaning'inia, na watu wanakata majani nje ya nyumba zao kana kwamba ni saa tisa mchana. Watoto wa dada walinisalimia kwa Kiingereza nikawajibu kwa Kiswahili, na tukaelewana vizuri kuliko mnavyodhani.

Siku ya tatu Mwadime alinipeleka mjini kwa treni ya umeme, ile inayotoka Minneapolis, inapita University Avenue katikati ya Frogtown, mtaa wa maduka ya wageni wa kila kabila, mpaka Saint Paul. Nilitafuta lango la kukagulia tiketi. Hakuna lango. Unasimama, unalipa mwenyewe kwenye mashine, unapanda.

"Na asiyelipa?" nikauliza.

"Wapo, shemeji. Siku moja moja askari hupita."

"Na siku ambazo hapiti?"

Mwadime akainua mabega. "Mimi hulipa."

Stesheni tatu niliwatazama abiria. Sijawahi kuona kitu cha namna hiyo.

Jumapili, baada ya kanisa, Wakesho alikuwa na mgeni wa chakula. Ni mzungu, mrefu, mwembamba, miaka sabini na tatu, mikono ina madoa ya rangi ambayo hayatoki tena. Jina lake Vern. Wakesho alimuuguza mke wake mpaka alipofariki, na tangu hapo mzee huja kula nao. Kiingereza changu ni cha dukani, kwa hiyo pale kiliponiishia Wakesho alinisaidia.

Dada yangu ni mchokozi tangu utotoni. Hata sijamega ugali, akamwambia mzee, "Huyu kaka yangu ni mwenyekiti. Miaka kumi na minne."

Vern akaacha kutafuna. "Kumi na minne? Kabla yako alikuwa nani?"

"Hakuwepo mtu," nikasema. "Chama nilikianzisha mimi."

"Na baada yako atakuwa nani?"

Nikanywa maji. Mwadime akakohoa kwa makusudi.

"Nimepigana na watu kama wewe maisha yangu yote," Vern akasema, "na hawajawahi kunipa kuku mtamu kama huyu."

"Kuku ni wangu," Wakesho akasema. "Yeye hata vitunguu hakukata."

"Ah! Vitunguu ndivyo vilivyonileta huku," nikasema kwa Kitaita, na dada yangu, ambaye habari zote za Voi humfikia kabla hazijapoa, alicheka mpaka akafuta macho.

Alasiri hiyo mzee alinipeleka kwake, nyumba ya nne kutoka kwa Wakesho, kunionyesha kibanda chake cha uani. Ninyi mmeona vibanda. Hiki hamjakiona. Kuta zote, juu mpaka chini, ni mabango ya kampeni, vyeti, na karatasi zilizobandikwa juu ya karatasi. Kwenye rafu viatu vimepangwa, jozi baada ya jozi, soli zimeisha kabisa. Nilidhani anauza mitumba.

"Hivyo ni vya kutembelea milango," akasema. "Mke wangu alikataa nivitupe."

Kazi yake ilikuwa kupaka rangi nyumba. Alipokuwa kijana alitaka kujenga kibanda kile kile cha kuwekea ndoo zake. Diwani aliyemkatalia kibali, kwa maneno yake, alikuwa amekaa kwenye baraza la mji tangu Vern yuko tumboni mwa mama yake. Kibanda alikuja kukipata baadaye, lakini hasira haikuisha. Vern si wa chama hiki kikubwa wala kile. Imani yake ni fupi: serikali iwe ndogo, mtu aachiwe maisha yake na mali yake mradi hamdhuru mwenzake, na anayetawala arudi nyumbani mapema. Kule kwao yapo majimbo ambako wananchi wakikusanya sahihi za kutosha huandika sheria wenyewe na kuipeleka kwenye kura, bila kumwomba mbunge yeyote. Yeye na mkewe waliyazunguka kwa gari lake la kubebea rangi, mke anaendesha, yeye anabisha milango, wakilala ndani ya gari katikati ya ndoo. Mahali pengine walishinda, na wabunge wakawekewa kikomo cha mihula. Mahali pengi zaidi walishindwa. Katika jimbo lake la Minnesota mlango huo wa wananchi kuandika sheria za jimbo haupo kabisa, na suala la kuwawekea madiwani kikomo majaji walilikataa.

"Sasa unafanya nini?" nikamuuliza.

Alikuwa na jambo moja limebaki, akasema la mwisho kabla magoti hayajakataa. Alitaka katiba ya ule mji mdogo ibadilishwe, ili mkazi wa kawaida aweze kuleta swali kwenye kura akipata sahihi za wenzake. Kwanza yeye mwenyewe alihitaji sahihi. Zilikuwa zimepungua themanini, na siku ya mwisho ni Ijumaa ya wiki iliyofuata. Ikipita, swali halingeingia kwenye kura ya mwaka ule.

Themanini! Mimi niliyewahi kujaza uwanja wa mpira kwa tangazo la asubuhi! Na kusema kweli nilitaka kumwonyesha jambo huyu mzee. Mtu hakai kitini miaka kumi na minne kwa bahati. Anajua watu.

"Nipe karatasi," nikamwambia.

Akauliza kwanza ofisi ya mji kama mgeni anaweza kuzibeba. Wakamjibu anaweza, ila jina lake mwenyewe asiweke. Akanipa, akanieleza masharti kwa urefu. Nikaitikia kila neno. Nilikuwa nasikiliza nusu.

Jumamosi kulikuwa na sherehe ya kumaliza shule ya binti wa Mkenya mmoja wa mji ule. Kule gari hulala ndani ya gereji ya nyumba, na siku ya sherehe gari hutolewa, meza huingia. Wakenya wa mji wote walikuwepo, wengi wao sasa raia wa kule, Wameru, Wakisii, Waswahili wa Mombasa, na majirani wa Kikongo. Wakesho alikuwa kazini. Nikasimama katikati ya gereji, nikapiga kijiko kwenye chupa ya soda, nikahutubia. Sitarudia hotuba. Waliokuwepo wataisimulia.

Watu walinizunguka. Jamaa aliyekuwa kwenye jiko la nyama akapaza sauti, "Chairman, niandikie! Mikono ina mafuta!" Nikamwandikia. Mwingine ana mtoto begani: "Niandikie na mimi." Mwingine, "Mke wangu yuko shifti, lakini tuko pamoja, mweke." Nikamweka. Ninyi mnajua mambo yetu, kwenye harambee, kwenye mchango wa msiba, kwenye daftari la kanisa. Mtu akikwambia niandikie, unamwandikia, na ni heshima kuombwa. Mwandiko wangu ni mzuri, nilijifunza mwenyewe. Jioni nilikuwa na majina themanini na saba. Nikalala kama mfalme.

Jumatatu asubuhi nilimwekea Vern karatasi mezani kwake. Akavaa miwani, akachukua rula, akaanza kushuka mstari kwa mstari. Alipofika wa tano akarudi wa kwanza. Akageuza ukurasa, akageuza mwingine, kisha akavua miwani.

"Mwenyekiti, nani aliandika hizi?"

"Mimi," nikasema, na niliposema hivyo nilikuwa bado natabasamu.

Akaniwekea kidole chini ya ukurasa, mahali palipokuwa na kiapo. Alinisomea taratibu ili nielewe: anayebeba karatasi anaapa kwamba kila mtu ametia sahihi kwa mkono wake mwenyewe, mbele ya macho yake. Ni mimi wa kuapa. Akanisukumia kalamu.

Nilijitetea. Nilimwambia wote wamekubali. Nikamwambia apige simu kwa yeyote. Nikamwambia, na ninaona aibu kuandika hili, kwamba ofisini hawatajua.

"Labda hawatajua," akasema. "Huyu hajanipa jina lake. Wewe ndiye uliyenipa."

"Ulibakisha themanini, mzee! Nimekuletea themanini na saba!"

"Najua." Nikamwona anazihesabu tena kwa kidole, na hapo ndipo nilipoogopa, maana nilifahamu anazitaka sahihi zile kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. "Unawajua uliowaandikia. Wakate. Kisha uape kwa waliobaki."

Nikakata. Hakunisaidia wala hakunihimiza, aliinuka akachemsha kahawa. Nilikata majina hamsini na mawili, kila moja kwa mstari mmoja, na kalamu ilikuwa nzito kuliko mfuko wa saruji. Kufikia katikati nilianza kuona majina mengine. Niwaambie wazi, maana ninyi mmo. Kila uchaguzi wa chama chetu, karani wangu alipita meza kwa meza na daftari, na aliyekubali aliandikwa. Asiyekuwepo aliandikwa na jirani. Miaka kumi na minne nimechaguliwa kwa mwandiko wa mtu mmoja. Sikuwahi kuuona kuwa wizi, na hata pale mezani sikuuita wizi. Nilijiuliza tu: nikiletewa daftari lile na kalamu ile, nitakata wangapi?

Zikabaki thelathini na tano. Tukaenda kwa mthibitishaji wa viapo, nikainua mkono wa kulia, nikaapa. Zilipungua arobaini na tano, na tulikuwa na siku nne.

Kuanzia Jumatatu hiyo mchana tuliwatafuta mmoja mmoja wale niliowakata. Wakenya wa kule hawapatikani nyumbani, wanapatikana kati ya kazi na kazi. Saa tisa alasiri, shifti inapobadilika, tulisimama kwenye maegesho ya nyumba moja ya kutunza wazee, mimi na mzungu wangu na kibao cha kuandikia.

"Chairman, si nilikwambia uniandikie?" yule mchoma nyama akaniuliza.

"Niliandika. Nimekukata. Tia mkono wako."

"Hee! Kwani uliniandika vibaya?"

"Nilikuandika vizuri mno."

Akacheka, akatia sahihi. Wengi walifanya hivyo.

Jumatano jioni tulifika kwa mama mmoja Mswahili wa Mombasa, tumwite Bi Salma, ambaye mumewe ndiye aliyeniambia mweke. Nilipiga hodi kwa ujasiri, huyu tayari ni wetu. Bi Salma akatoka na miwani ya kusomea, akachukua karatasi, akasoma ukurasa mzima tumesimama mlangoni. Nyuma yake mumewe alikuwa anapotelea jikoni.

"Nani alikwambia mimi nimo?" akauliza.

"Mzee wako, dada."

"Mzee wangu alizungumza la kwake. Mimi simo. Watu wenye pesa watanunua wakusanya sahihi, kila mwaka tutaletewa maswali ya kuwaonea wageni. Nani atawazuia?"

Nikamtafsiria Vern. Nilitegemea abishane, maana ana miaka hamsini ya majibu kifuani. Alimjibu neno moja tu, kwamba hofu yake si ya kijinga. Akavua kofia, akamshukuru kwa kusoma. Alimshukuru kama alivyowashukuru waliotia sahihi, kwa sauti ile ile. Nikaduwaa pale barazani. Jumamosi nilikuwa nimeandika jina la mama huyu kwa mwandiko wangu mzuri, na hakuwa upande wetu hata kidogo.

Njiani nikamuuliza Vern, "Huchoki kuambiwa hapana?"

"Hapana ya kweli naipenda kuliko ndiyo ya uongo. Mke wangu alikuwa akinipigia kura ya kupinga nyumbani."

"Kwa mambo gani?"

"Yote."

Ijumaa saa sita mchana tulihesabu kwenye meza yake mara tatu. Tulikuwa tumepata thelathini na nane. Zilipungua saba.

Saba, jamani! Nilipiga meza kikombe kikaruka. Nilikuwa tayari kulia kwa ajili ya mtu mwingine, jambo ambalo sijalifanya tangu baba afe. Vern alizikusanya karatasi kwa mikono yake yenye madoa, akazipanga. Kisha akavaa viatu.

"Unakwenda wapi?"

"Kuchapa fomu mpya. Mwaka ujao zitahitaji tarehe mpya."

Nimewaona wabunge, nimemwona gavana kwa karibu, niliwahi kushikana mkono na waziri. Sijaona mtu mkubwa kama yule akifunga kamba za viatu.

Niliondoka wiki mbili baadaye. Uwanjani Wakesho alinikumbatia, akanong'ona, "Kaka, Mama Mkamburi utamwambia nini?" Nikamwambia ndege itaniacha.

Nimefika Voi. Mkutano mkuu mliuona, lakini wapo waliokuwa safarini, nao wajue. Nilimwambia karani aache daftari nyumbani. Niliwaita wote, meza kwa meza, waje wenyewe. Anayejua kuandika aliandika, asiyejua alitia kidole gumba, na aliyekataa alikataa mbele ya watu wote bila kuitwa pembeni baadaye. Nilisimama nikasema hoja ya mihula miwili naiunga mkono, na kwamba ihesabiwe tangu mwanzo, isije ikaanza upya kwa faida yangu. Nilichojifunza kule ndicho hiki, na nakiandika wazi ili kisipotoshwe: nilidhani watu walinipa kiti, kumbe miaka yote nilijiandikia mwenyewe.

Hoja ilipita. Mama Mkamburi akachaguliwa kwa kura nyingi, si nyingi kama nilizokuwa nikipata mimi, lakini hizi zilikuwa na wenyewe. Akapanda mbele, nami nikashuka. Sikujua pa kukaa. Tangu chama kianze sijawahi kukaa upande ule. Muuza ndala mmoja akajisogeza kwenye benchi, nikabanana naye.

Mwenyekiti mpya akauliza kama kuna mwenye swali. Nilikuwa nalo, tena la maana sana, juu ya mifereji ya maji. Nikasimama nikaanza kusema.

"Mzee," Mama Mkamburi akasema, "inua mkono, ungoje zamu yako."

Nikakaa, nikainua mkono. Mbele yangu walikuwepo watu watatu.